Hesabu Niliyoikana Kalundu

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, kitenge cha pisi sita, na hotuba ambayo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine, maana mimi sijawahi kufanya kazi maternite, wodi ya wazazi, hata siku moja. Niliisikiliza mpaka mwisho na nikapiga makofi, kwa sababu huyo mama mwingine naye alistahili kusifiwa. Lakini nilipofika nyumbani Kilibula nikajisemea: wee mama, usipoandika mwenyewe watakuzika na historia ya jirani. Ndiyo maana nimekaa mezani na kaye mpya, yaani daftari. Nawaandikia nyinyi mliobaki katika chumba cha kupima mapafu. Mwenye haraka aruke kurasa, simlazimishi mtu.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kilichopewa jina jipya. Mshahara nao tuuache ulipo. Hata nilipokuwa kazini hatukuonana mara nyingi. Nitaanza na pipa.

Nyinyi mna mashine ya skrini. Mgonjwa anapuliza, skrini inafikiri kidogo, namba zinatoka zote zimepangwa mstari. Sisi tulikuwa na pipa la chuma lililojaa maji. Juu ya maji ilielea kengele, yaani chombo kama sufuria iliyofunikwa kichwa chini, na kutoka ndani yake ulitoka mpira wenye kipande cha kushika mdomoni. Mtu akipuliza, kengele inapanda. Akivuta, inashuka. Kalamu iliyofungwa kwenye kengele inachora milima na mabonde kwenye karatasi iliyozungushwa ngomani. Pua tuliibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, kwa sababu vile vya hospitali viliibwa mwezi wa kwanza na sijui hadi leo mwizi alikuwa na pua ngapi.

Mwenye pipa hilo alikuwa Mzee Lubunga, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilipelekwa kwake nikiwa nimetoka shule ya uuguzi, blauzi yangu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hospitali yetu iko mlimani, na mimi nilikuwa nimepanda kile kilima mbio ili nisichelewe. Hakunisalimia. Aliniuliza:

"Weye unajua kujumlisha?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kutoa?"

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri. Kujumlisha kila muntu anaweza. Kutoa ndiyo kazi yetu."

Akanipa mpira, akanibana pua, akaniambia nipulize nimwonyeshe. Nilitaka kumwonyesha kweli. Nilipuliza kwa nguvu za ujana na za kiburi, kengele ikaruka mpaka juu ya kikomo chake, ikalala upande, na maji yote yakamwagika kwenye viatu vya Mzee. Aliviangalia viatu vyake kwa muda. Kisha akaandika kwenye kaye, huku akisoma kwa sauti: "Mapafu iko. Akili tutaitafuta kesho." Nilifuta maji kwa kitambaa mpaka saa ya kula.

Kesho yake alinifundisha kwa nini kutoa ndiyo kazi yetu. Hata ukipuliza mpaka macho yakutoke, kuna hewa inayobaki kifuani. Haitoki. Ingetoka, mapafu yangejikunja kama soksi iliyolowa. Pipa linaweza kupima ile unayoivuta na ile unayoitoa, lakini hiyo inayobaki haiji kwenye pipa ng'o. Sasa utaijuaje? Mzee alimimina maji kwenye kikombe na mengine kwenye sufuria, akatia kila chombo kijiko kimoja cha sukari, akaniambia nionje.

"Ya kikombe ni tamu," nilisema. "Ya sufuria haina kitu."

"Basi kwa kuonja unajua maji ni ngapi, hata kama haujaona sufuria."

Sukari yetu ilikuwa gesi ya heliamu. Tuliitia kiasi kinachojulikana kwenye kengele, tukamfungulia mgonjwa mwisho wa pumzi yake ya kawaida, akapumua taratibu dakika saba. Gesi ilienea mpaka kifuani mwake, ikapungua ukali kama sukari ile. Kwa jinsi ilivyopungua, tulijua kifua chake kilikuwa na hewa kiasi gani alipotulia. Hapo unatoa ile akiba anayoweza kuipuliza kwa nguvu, na unachobakiwa nacho ndiyo hewa inayobaki. Rahisi. Ila usisahau kuangalia kipimajoto cha maji, maana hewa iliyotoka mwilini ikipoa inasinyaa, na lazima uirudishie joto lake kwenye hesabu. Asiyeangalia kipimajoto anamwibia mgonjwa hewa yake mwenyewe. Mzee alikuwa akisema hivyo kila asubuhi, na mimi nikawa nasema hivyo kila asubuhi, na nyinyi mkawa mnacheka nyuma yangu. Nilikuwa nawasikia.

Heliamu ilikuja kwa shida. Chupa ilivuka mpaka, na kila mara watu wa forodha walitaka kujua inalipuka ama hailipuki. Mara moja ilifika, tukaisaini, tukaiweka stoo, na Jumatatu tukaikuta nyepesi. Jumamosi iliyotangulia kulikuwa na harusi ya mkubwa fulani wa hospitali, na maputo mia moja mekundu yalikuwa yamepaa juu ya ziwa kuelekea Burundi huku watu wakipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga. Kumbe nilikuwa napigia vigelegele vipimo vya miezi minne.

Kabla ya kupima mtu ni lazima ujue umri wake na urefu wake, ndipo ujue mapafu yake yalipaswa kuwa makubwa kiasi gani. Haya mambo mawili yalinizeesha kuliko kazi yote. Akina mama walikataa kuvua kilemba, na mama mmoja wa kwaya aliingia na sentimita kumi na mbili za kitambaa akidai zote ni zake. Wanaume walivua viatu ila wakasimama kwa vidole. Umri nao ulitegemea nani anauliza. Babu mmoja kutoka Sange aliniambia ana miaka sitini. Nilipomwambia kwamba kwa umri huo mapafu yake ni dhaifu, akaongeza kumi palepale.

Halafu kuna kupuliza kwenyewe. Hakuna mtu anayepuliza mpaka mwisho kwa hiari yake. Lazima umpigie kelele. Mzee Lubunga alikuwa na sauti ya kuomba samahani, kwa hiyo kazi hiyo alinipa mimi. "Puliza! Puliza! Bado! Bado! Malizia, malizia, malizia!" Niliposhikwa na mafua nikagundua njia ya kuokoa koo langu: niliwaingiza ndugu za mgonjwa. Mke, shangazi, jirani, yeyote aliyekuwa kwenye benchi, nilimkalisha mbele ya mgonjwa ashangilie. Ilifanya kazi ajabu. Watu walipuliza nusu lita zaidi mbele ya wake zao. Waliopita nje walidhani tuna televisheni na kuna mpira. Ndivyo nilivyopata jina la Mama Puliza, na hadi leo sokoni sijulikani kwa jina lingine.

Mzee alipostaafu aliniachia pipa, kibanio na kaye. Aliniambia neno moja tu: "Usikose hesabu." Na sikukosa. Nawaambieni bila aibu, hicho ndicho kiburi changu. Sikuwa na sura nzuri, sikuwa na sauti ya kwaya, mume wangu alisema hata ugali wangu una mabonge. Lakini namba zangu hazikurudi hata mara moja. Madaktari walikuja na kuondoka, wote walisaini bila kuangalia, na nilipenda vile wanavyosaini bila kuangalia.

Sasa nafika kwa Kashindi. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike. Siku hizi ana wakwe watatu na anasema ni zamu yao kutetemeka. Mama mkwe wake Mungu alishamwita, na ninaamini huko aliko anacheka, ingawa wakati ule hakucheka.

Kashindi alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini Kalundu. Aliugua kifua kikuu, akameza dawa zote mpaka mwisho, akapona. Alipotaka kurudi kazini, kapita, msimamizi wa kikosi chao, akamwambia: leta karatasi ya hospitali inayosema mapafu yako yanatosha kubeba. Jumamosi asubuhi nasoma majina ya kikosi. Karatasi isipokuwepo, nafasi yako naipa mwingine. Kwangu alifika Jumanne. Na mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa tatu siku nne kabla, alikuwa bado palepale maternite kwetu. Kashindi alinieleza yote haya, kuanzia ugonjwa mpaka mtoto, bila kukata pumzi hata mara moja, jambo ambalo ningelitia akilini kama ningekuwa mtu wa kusikiliza.

Nikatoka hadi ukumbini penye benchi. "Nani iko pamoja na Kashindi?"

Watu wa benchi wakamwonyesha mama mmoja aliyekaa mwisho kabisa, nadhifu, chupa ya uji mapajani. Uso wake ulikuwa wa ujana. Nikasema moyoni, huyu ni dada yake mkubwa.

"Kuya huku, Yaya."

"Hapana, Mama, minye niko napeleka uji maternite."

"Maternite haikimbie. Ingia!"

"Mama, nakuomba..."

Nilimshika mkono. Mnajua mikono yangu. Nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya Kashindi, mita moja kati yao, magoti karibu yagusane. Yule mama akageuka ukutani na kujifunika kitenge kichwani. Kashindi akainamia vidole vyake vya miguu. Nikajisemea, hawa wamegombana, pengine ni kiwanja cha urithi, na mimi sitaki kujua. Hata jina la mama sikuuliza. Kwenye fomu yangu hapakuwa na mahali pa kuuliza.

Kupumua taratibu kulikwenda vizuri. Dakika saba Kashindi alipumua kimya, utafikiri hayupo. Kisha nikamwambia avute yote na kupuliza yote.

Akapuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Kashindi, unapuliza ao unaaga?"

"Niko napuliza, Mama."

"Fungua mudomo! Toa macho! Weye Yaya, muambie apulize!"

"Apulize," mama aliuambia ukuta. Nimesikia matangazo ya msiba yenye furaha kuliko hiyo.

Tulirudia mara tatu. Kalamu ilipanda vidole viwili ikachoka. Jasho lilimtoka Kashindi, nami nikaandika kwenye kaye kwamba mgonjwa anatoka jasho kwa juhudi ndogo. Kibanio kilipotoka puani, mama alikuwa amekwisha toka mlangoni, akaacha chupa ya uji. Nikaona hao watu hawakulelewa vizuri.

Nikakaa kupiga hesabu. Hewa iliyotulia kifuani, kwa heliamu: lita tatu na pointi moja. Akiba aliyoweza kuipuliza: pointi mbili tu. Toa. Hewa inayobaki ni lita mbili na pointi tisa. Kwa nguvu zake zote aliweza kuvuta pointi tisa. Jumlisha na ile tatu na pointi moja, mapafu yote ni lita nne. Yaani karibu robo tatu ya mapafu ya mtu huyu ilikuwa hewa isiyotoka. Niliangalia ile namba na ile namba ikaniangalia. Mtu wa namba hiyo huletwa amelala kwenye machela, midomo ya bluu. Huyu alikuwa amepanda kilima chetu kwa miguu akinipigia hadithi. Nikarudia hesabu. Sawa. Nikaangalia kipimajoto, nikarudia tena. Sawa. Basi nikasema, ikiwa hesabu ni sahihi, mtu ndiye amekosea.

Daktari wetu wakati huo alikuwa ametoka Kinshasa, mtu mwema sana, ila kilichoingia sikioni mwake kilifika soko la Kalundu kabla ya jua kuzama. Alisaini bila kuangalia. "Mapafu hayatoshi kwa kazi ya kubeba mizigo." Nikaitia karatasi kwenye bahasha, Kashindi akaipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akampelekea kapita.

Alhamisi yule mama alirudi. Hakukaa kwenye benchi. Alinisubiri nyuma ya jengo, pale tunapoanika vibanio, na alinisalimia kwa heshima mpaka nikaogopa.

"Mama, minye naitwa Mama Feza. Ile siku haukuniuliza minye ni nani."

"Weye si dada ya Kashindi?"

"Feza ni muke ya Kashindi. Minye ndiyo nilimuzaa Feza."

Yesu wangu. Nilitafuta mahali pa kukaa, hapakuwapo. Nikakaa juu ya ndoo.

Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mkishikana mabega, kwa hiyo acheni niwaeleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai mita moja. Hatafuni mbele yake, hakohoi mbele yake, akimwona njiani anapita upande wa pili. Na mimi nilikuwa nimemkalisha Kashindi goti kwa goti na mama wa mke wake, pua imebanwa kibanio cha nguo, nikamwambia afungue mdomo na kutoa macho. Halafu kupuliza mpaka mwisho, mnajua wenyewe, mara nyingine upepo unatokea hata kule kusikotarajiwa, na huwa nageuka niandike kitu. Ningetaka apulizeje? Mkwe wangu mimi hajawahi kuniona nikimeza hata kidonge!

"Sababu gani hamukusema?" nilimuuliza.

"Tungesema nini? Aseme mbele yangu kama ananionea haya? Ile kusema ndiyo haya yenyewe. Na weye ulikuwa na blauzi nyeupe, na ulinishika nguvu." Akanionyesha mkono. "Sasa kapita amesoma karatasi, amemuambia Jumamosi asikuye. Mutoto wangu analia na kitoto kwenye titi. Mama, minye sijue hesabu. Lakini muntu alishika pumzi nusu saa juu ya heshima yangu. Iyo mapafu, unaitafutia nini tena?"

Katika miaka yangu yote hakuna profesa aliyenieleza kipimo vizuri namna hiyo. Nilimwomba msamaha nikiwa palepale kwenye ndoo. Nikamwambia nitampima upya kesho.

"Lakini kitu kimoja," alisema. "Hii maneno ibakie kati yetu. Ikifika bandarini, batacheka Kashindi mupaka azeeke, na minye sitapita tena kwenye soko. Niahidi."

Nikaahidi. Nikamwomba pia kesho asiwepo karibu.

"Niende mupaka wapi?"

"Mupaka Kashindi ahakikishe hauko."

Ijumaa Kashindi alikuja saa mbili asubuhi. Kabla ya kukaa alichungulia dirishani, akachungulia nyuma ya pazia, akachungulia chini ya meza.

"Iko wapi?"

"Ameenda Sange kusalimia kaka yake."

"Sange kweli?"

"Minye mwenyewe nilimuona anapanda gari."

Basi Kashindi akavua shati, akazungusha mabega, akashika mpira. Nilipofungua mdomo nimshangilie, tayari alikuwa ananguruma. Kengele ilipanda, kalamu ikachora mlima, mate yakafika kwenye kalenda, na kule kusikotarajiwa nako kukashiriki. Niligeuka nikaandika kitu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Hesabu: hewa iliyotulia, lita tatu na pointi moja, ile ile ya Jumanne. Ile ya kupumua taratibu haikuwa imenidanganya. Akiba ya kupuliza, moja na pointi tatu. Hewa inayobaki, moja na pointi nane. Kuvuta, mbili na pointi tatu. Mapafu yote, tano na pointi nne. Ile hewa inayobaki sasa ilikuwa theluthi moja tu. Kifua kikuu kilikuwa kimemnyang'anya kidogo, sitaficha, lakini alichobakiwa nacho kilitosha kubeba gunia na kurudi kuchukua lingine. Daktari nilimwambia kwamba juzi mgonjwa hakupuliza vizuri. Akasaini bila kuangalia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kalundu pamoja naye, maana karatasi mbili zenye mkono wangu zinahitaji mwenye mkono. Wapakuaji walikuwa wamekusanyika mbele ya boti lililojaa mihogo, kama watu arobaini, na kapita amesimama juu ya kreti na kaye yake, mtu mkubwa mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Alisoma karatasi ya pili, akatoa ya kwanza mfukoni, akaziweka bega kwa bega.

"Mama Puliza. Jumanne mapafu haitoshe. Ijumaa inatosha. Imeota?"

Watu wakacheka.

"Jumanne hakupuliza muzuri," nilisema.

"Ee. Na sababu gani mwanaume muzima anashindwa kupuliza?" Akamgeukia Kashindi. "Ulichoka? Ao ulilala?"

Kashindi alikuwa ameinamia vidole vyake vya miguu, kama Jumanne. Kapita akaanza kuikunja karatasi ya pili. "Muntu anayeshindwa kupuliza Jumanne, atashindwa kubeba Jumatano. Minye sitaki muntu aniangukie kwenye ubao na gunia shingoni. Majina nasoma sasa."

Nilikuwa na ukweli mdomoni, mzima, umeiva. Ningeusema, Kashindi angepata nafasi yake na jina ambalo lingemfuata hadi kaburini, na Mama Feza angehamia Sange moja kwa moja. Nisipousema, hakuna nafasi. Nikatafuta kitu kingine cha kusema, na nilichokikuta kilikuwa kimoja tu.

"Kashindi hana kosa," nilisema. "Kosa ni yangu. Nilikosa hesabu."

"Unasema?"

"Nilikosa hesabu. Mahali pa kutoa, nilijumulisha."

Bandari nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini. "Mama Puliza hajue kutoa!" Kapita naye alijaribu kuzuia midomo yake, akashindwa. Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu: "Mama, magunia arobaini na mbili, toa kumi na saba?"

"Ishirini na tano," nilijibu.

"Eeh! Leo ameamka muzuri!"

Iliniuma. Nisiwafiche, iliniuma mpaka masikioni. Mzee Lubunga alikuwa amezikwa mwaka ule ule, nami nilisimama pale mchana kweupe nikikana kitu pekee alichoniachia, na watu arobaini wakinifundisha kuhesabu mihogo. Kapita alifuta machozi ya kicheko, akafungua kaye, akaandika jina la Kashindi. Kashindi alichukua gunia la kwanza, akapanda ubao mbio, akashuka, akapita karibu nami kuchukua la pili. "Niliona, Mama," alisema chinichini. "Niliona kile ulifanya." Kisha akapiga kelele ya kikosi chao kwa kifua chote, lita tatu na zaidi kwa hesabu yangu, na wenzake wakaitikia.

Jumatatu daktari aliniita ofisini. Habari ilikuwa imemfikia, bila shaka kabla ya chai. Mbele yake alikuwa na kaye yangu, imefunguliwa kwenye Jumanne, na mashine yake ndogo ya hesabu.

"Mama Puliza, nasikia ulikosa hesabu."

"Ndiyo, Daktari."

Akabonyeza, akaandika pembeni, akabonyeza tena. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu alikuwa anaangalia kabla ya kusaini.

"Lakini nimefanya mara nne. Inatoka sawasawa. Kosa iko wapi?"

Ningeweza kumwonyesha kwa kidole na kurudishiwa heshima yangu palepale, mbele ya katibu na mlango ukiwa wazi.

"Iko humo, Daktari," nilimwambia. "Endelea kutafuta." Nikaenda kumwita mgonjwa aliyefuata, na kabla ya kumwingiza ndugu yake nikamuuliza kwanza wanaitanaje.